Ushauri: mashine ya kuchanganyia vitu vizito, planetari au ya mikono ya Z?

Mbegu_Pasua
Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, natafuta mashine ya kuchanganyia vitu vizito. Nimepata mbili: planetari ya lita 60, na ile ya mikono miwili ya Z inayolala ndani ya beseni. Bei zinapishana sana, na mkopo unatoka wiki ijayo. Nichukue ipi?

Fundi_UngaLtd
Vitu vizito gani mkuu? Sabuni, gundi, unga? Kilo ngapi kwa mkupuo? Umeme njia moja au njia tatu? Bila hayo tutakupotosha.

MamaNjugu_Sakina
Na je, kinaliwa? Kama kinaliwa, chuma cha kawaida usikiguse. Stenlesi 304.

Mbegu_Pasua
Samahani wakuu. Ni siagi ya karanga. Kusaga ninasaga, shida ni kuchanganya chumvi na sukari, na mafuta yasijitenge. Kilo 40 kwa mkupuo. Sasa tunakoroga kwa mwiko ndooni, vijana mabega yamekwisha. Umeme njia moja.

Fundi_UngaLtd
Basi ya Z achana nayo. Ile ni ya vitu vinavyokaribia kuwa tonge: mpira, gundi ngumu. Mikono yake inapishana, mmoja una kasi kuliko mwenzake, inakunja na kurarua. Siagi ya karanga inamiminika, ingawa kwa uvivu. Planetari inatosha: mkono unajizungusha huku unalizunguka bakuli.

Kibo_Mekanika
Napinga. Pesa yote hiyo ya nini? Achomelewe pipa la stenlesi lenye kuta mbili, katikati yapite maji moto, ndani mkono wa nanga wenye vikwangua, giaboksi, mizunguko 30 kwa dakika. Siagi ikipashwa inalainika, mota haiteseki. Ila usifunge panga la kasi. Linachimba shimo katikati, ya pembeni inabaki imesimama kama ukuta.

MamaNjugu_Sakina
Ngojeni niwaambie yaliyonipata. 2019 nilinunua planetari iliyotoka bekari. Niliipenda kwa kuwa bakuli lilikuwa linang'aa. Julai ikafika, baridi ya Arusha mnaijua. Siagi ya jana imekazana bakulini, tukawasha hivyo hivyo. Mota ikanguruma, haizunguki, ikatoa harufu, ikaungua. Nikaisukisha waya upya. Mwezi uliofuata naona doa jeusi juu ya siagi. Kumbe sili, ule mpira wa kuzuia oili, imechoka, oili ya giaboksi inadondokea chakula! Nilimwaga kilo 55. Za siku iliyotangulia nikazifuata duka kwa duka, kwa sababu sikujua ilianza kuvuja lini. Kuna duka halijachukua mzigo wangu tena hadi leo. Muuzaji alizima simu. Kwa hiyo lita baadaye. Kwanza ingiza kidole chini ya kichwa cha mashine, papasa sili, uliza kama inatumia oili ya viwanda vya chakula.

Fundi_UngaLtd
Pole sana mama. Hilo la oili wengi hawalitazami kabisa. Mbegu, kuhusu umeme: inveta ya mota inageuza njia moja kuwa tatu, kilowati 2.2 inazimudu. Ila waya za mota zifungwe kwa mtindo wa delta, fundi umeme anaujua.

Kibo_Mekanika
Inveta vumbi la karanga litaiua. Aombe njia tatu TANESCO.

Fundi_UngaLtd
Si aiweke chumba kingine, mkuu? Waya upite ukutani.

Mzee_Kiboriloni
Wanangu, mnabishania mashine, karanga zenyewe je? Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitolewi na mashine, na kukaanga hakuimalizi. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Karanga iliyosinyaa au yenye ukungu itolewe kwa mkono kabla ya kikaango.

MamaNjugu_Sakina
Shikamoo mzee. Kweli kabisa. Mimi nina kina mama wanne wa kuchambua tu.

Mbegu_Pasua
Asanteni. Pipa la maji moto limenivutia, ila wa planetari anasema bei yake mwisho Ijumaa.

Fundi_UngaLtd
Usikimbizwe na Ijumaa ya mtu. Beba ndoo mbili za siagi yako ukaijaribu pale pale, asubuhi kukiwa na baridi. Na wapigie TEMDO, shirika la serikali la kubuni mashine hapa Arusha, uwaulize kuhusu pipa.

Mzee_Kiboriloni
Marahaba binti. Mbegu, karanga unatoa wapi?

Mbegu_Pasua
Kondoa, mzee. Zinakuja na maganda yake.

Mzee_Kiboriloni
Gunia unapata kwa bei gani?