Uyoga mtandaoni: vya Kiswahili ni kuuziana mifuko, vya Kizungu ni vya nchi za baridi. Sisi wa Pemba tusome wapi?

Assalaam aleikum wana jukwaa.

Wasimamizi, tafadhali msiuhamishie uzi huu kwenye matangazo ya biashara, mana siuzi kitu. Nimekuja kulalamika, na nnataka nilalamike mpaka nipoe.

Mie niko Wete. Nalima mpunga bondeni kama watu wengine, na nyuma ya nyumba kuna kibanda nilichotaka kukitia uyoga, mana mahoteli ya Unguja wanauulizia. Tena masika haya shamba zima limechipua uyoga, chini ya minazi, kwenye magogo ya miembe, kila pahala, na watoto wanauleta ndani wanauliza unalika au hauliki. Masuali yangu ni mawili tu: nioteshe uyoga gani, na huu uliojiotea wenyewe ni upi? Kwa masuali haya mawili nimemaliza bando, na nnachokikuta humo ni dharau tupu.

Nianze na vya Kiswahili, mana ndivyo vinavyonichoma zaidi. Tafuta "kilimo cha uyoga" popote unapotaka. Utamkuta kijana kasimama mbele ya mifuko ya nailoni iliyoning'inizwa, anakwambia mtaji mdogo, faida mamilioni, soko lipo, na uyoga ni dawa ya sukari, presha na nguvu za kiume. Unamsikiliza weee. Akifika pahala pa kukwambia khasa unafanyaje, anakwambia "kwa maelezo zaidi njoo WhatsApp". Ukenda WhatsApp, somo linauzwa. Ukilinunua, ni PDF ya kurasa chache iliyonakiliwa kwa mtu mwengine, na namba ya simu ya yule mwengine bado imo chini ya ukurasa, hata kuifuta wameona tabu.

Na humo ndani uyoga unaitwa "mamama", basi, imekwisha. Mamama upi? Jenasi, yaani ukoo wake kwa Kilatini, ni Pleurotus, na ndani yake mna aina chungu nzima zenye tabia mbali mbali. Pleurotus ostreatus wa Ulaya unataka ubaridi ndio uzae vizuri, nyuzi joto chini ya 20. Pleurotus pulmonarius na ule wa waridi, Pleurotus djamor, unazaa bila ya shida kwenye nyuzi 20 na kitu hadi 30. Hapa Kaskazi ikikolea mchana tunapita 30. Sasa mtu akinunua mbegu zilizoandikwa "mamama" na mfuko usiseme ni aina ipi, atajuaje? Mfuko utajaa utando mweupe wa kuvu, atafurahi, atamwagia maji, na uyoga hautoki. Akimpigia muuzaji, anaambiwa hakuzingatia usafi.

Kuna na wanaouza mbegu za uyoga wa kifungo, ule wa kwenye makopo, Agaricus bisporus. Huo kuzaa unataka nyuzi kama 16 hadi 18, na mbolea iliyovundikwa kwa utaratibu wake, na tabaka la udongo juu. Anayekuuzia mbegu zake Pemba bila ya kukuuliza kama una chumba chenye kiyoyozi anakuibia mchana kweupe. Lakini tangazo lake limependwa na maelfu, mashaallah.

Kinachoniumiza ni kwamba uyoga wa joto letu upo. Volvariella volvacea, uyoga wa mabua ya mpunga. China na nchi za kusini mashariki mwa Asia wanauotesha tangu zamani. Unataka nyuzi 28 hadi 35, yaani hali yetu ya kawaida. Chakula chake ni mabua ya mpunga, hata majani makavu ya migomba unayala. Ukishapandwa, siku kumi hadi kumi na nne unaanza kuchuma, na unachumwa ungali kama yai, kabla ya kofia kufunguka. Kasoro yake haukai: ukiutia kwenye friji la kawaida unalainika na kutoka maji, kwa hivyo lazima uuze haraka. Mtu unayelima mpunga, mabua unayachoma au unampa ng'ombe, na hakuna aliyekwambia. Kwa Kiswahili nimetafuta mpaka macho yakauma. Vyote mamama, mamama, mamama.

Mmoja wao anasema kwenye video "tumia mabaki yoyote ya shamba". Yoyote! Huyu hajawahi kufika Pemba. Sisi mabaki yetu ni makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na makonyo yana mafuta yenye eugenoli, kitu kinachojulikana kwa kuzuia kuvu kuota. Ndiyo maana makonyo yana kiwanda chake pale Wawi, kwa sababu ya hayo mafuta. Sasa mkulima masikini akijaza mifuko makonyo kwa kuwa kaambiwa "yoyote", nani atamlipa?

Haya, tuwache Kiswahili, twende kwa Wazungu. Huko maarifa yapo, sikatai. Yapo mengi na ya bure. Lakini kila ukurasa unaanza na "katika vuli, majani yanapoanguka, tembea chini ya mialoni na misonobari". Mwaloni gani mie? Nina minazi, mikarafuu, mifenesi na miembe. Msimu wao Septemba na Oktoba, wangu masika na vuli za mvua, hazifanani kabisa. Kurasa bora za kutambulisha uyoga zimeandikwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, wenyewe wanasema hivyo mwanzoni, na kusema kweli wana haki. Hasira yangu ni kwa wanaozichukua, wanazitafsiri ovyo kwa mashine, halafu wanatuwekea kama kwamba ni uyoga wa Afrika Mashariki.

Na hapa si mchezo, watu wanakufa. Hebu sikilizeni. Wahamiaji kutoka Asia waliokwenda Marekani na Australia wameshauliwa na Amanita phalloides, uyoga wa sumu kali, kwa sababu ukiwa mchanga unafanana na uyoga wao wa mabua. Wanaujua uyoga wao vizuri sana, lakini nchi si ile. Ukikata kofia iliyokwisha kufunguka ukailaza juu ya karatasi usiku kucha na kuifunika kwa bilauri, Volvariella inaacha vumbi la rangi ya waridi na Amanita inaacha jeupe. Kitu chepesi namna hiyo. Na sumu yenyewe hujui umeila: unakaa saa sita, kumi na mbili, hata zaidi, mzima kabisa, ndipo matapishi na kuharisha yaanze. Halafu unapata nafuu, unashukuru Mungu, na kumbe ini ndio linaoza. Sumu ya namna hiyo imo pia katika baadhi ya uyoga wa jenasi ya Lepiota, vidogo vidogo hivi, hata huvitilii shaka.

Sasa fungua mitandao yetu uone wanachofundisha. Eti tia sarafu ya fedha au kitunguu thomu kwenye sufuria, kikigeuka cheusi ni sumu. Uongo. Eti ukiona konokono kaula basi ni salama. Uongo, konokono anakula Amanita na anakwenda zake. Eti ukichemsha ukamwaga maji sumu inatoka. Sumu ya Amanita phalloides haiondoki kwa moto. Nimeandika kwenye maoni ya video moja ya hivyo kwa adabu kabisa, "mwalimu, hili ni hatari", nikafungiwa.

Na hizo programu za simu za kupiga picha zikakutajia jina, usinambie. Nimepiga uyoga mkubwa mweupe uliotoka uwanja wa skuli baada ya mvua, ikanambia kwa uhakika ni Macrolepiota, unalika, mtamu. Upo uyoga unaofanana nao, Chlorophyllum molybdites, unaopenda nyasi fupi za nchi za joto, na ukiula utatapika mpaka utamani kufa. Ukiweka kofia yake juu ya karatasi unaacha vumbi la kijani. Programu haikuniuliza vumbi rangi gani, haikuniuliza hata niko bara gani. Na msifikiri vitabu viko salama: mwaka 2023 ilibidi wataalamu wa uyoga Marekani waonye watu kuhusu vitabu vya kuchuma uyoga vilivyokuwa vikiuzwa mtandaoni, vinavyoshukiwa kuandikwa na akili mnemba. Kama Wazungu wanauziwa vya kubuni kwa lugha yao wenyewe, sisi tutauziwa nini?

Mtasema nende kwa wataalamu. Nimekwenda. Index Fungorum ipo, MycoBank ipo, orodha za mtandaoni za majina ya kuvu, zote bure. Ukiingia unapata jina la Kilatini, aliyelitoa, na mwaka. Basi. Kwa mtu aliyeshika uyoga mkononi, hiyo ni sawa na kupewa daftari la vizazi na vifo ukaambiwa mtafute jirani yako humo. Najua kazi yake si hiyo, imewekwa kwa ajili ya majina, lakini wanaonielekeza huko wananielekeza kama kwamba nitatoka na jibu la chakula cha jioni. iNaturalist ni nzuri zaidi, unaweka picha na watu wanakusaidia, lakini uyoga wa kwetu anayeujua nani? Picha zangu zimekaa na neno "kuvu" tu. Asante, hata mie nilijua si kuku.

Na msidhani hakuna kilichoandikwa kuhusu sisi. Kew, ile bustani ya mimea ya Uingereza, walitoa kitabu kizima cha uyoga wenye matamvua chini ya kofia wa Afrika Mashariki mwaka 1977. Wafini pamoja na Mtanzania mwenzetu walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003, kimechapwa Helsinki, kina picha, kina unaolika na wenye sumu. Kazi ya maana kweli kweli. Kwa Kiingereza, na huku Pemba sijakiona katika rafu yoyote. Kitabu cha uyoga wa Tanzania, mtu wa Wete aagize Ufini!

Halafu kuna hili linalonirusha roho kabisa. Visiwa hivi vimo katika historia ya elimu ya kuvu duniani. Ile maradhi ya mikarafuu kufa ghafla, wazee wanaikumbuka, miti mizima inakauka majani yangali juu. Miaka ya 1950 watafiti Nutman na Roberts waliifanyia kazi hapa hapa, wakasema chanzo ni kuvu, wakaiita Valsa eugeniae, jina lenyewe limetoka kwenye mkarafuu. Nikataka kusoma. Makala ya zaidi ya miaka 70, kuhusu miti ya babu yangu, iko nyuma ya malipo ya dola. Karafuu ilikuwa pesa, kwa hivyo kuvu yake ikapelekewa wataalamu kwa meli. Uyoga anaouchuma bibi kwa ajili ya mchuzi wa nazi haukuwa pesa, na mpaka leo hauna hata picha yenye jina.

Nnachotaka si kikubwa. Anayeuza mbegu aandike jina zima la Kilatini na joto lake kwenye mfuko, asiyeweza aache kuuza. Anayeweka picha ya uyoga wa misitu yetu ya Ngezi au Jozani aweke na chini ya kofia, na mguu mpaka kwenye mzizi, na rangi ya vumbi, siyo kofia kwa juu tu kama picha ya pasipoti. Na nyie mliosoma mambo haya chuoni, mkaandika tasnifu kuhusu kuvu za hapa kwetu, tasnifu ziko wapi? Kabatini.

NYONGEZA: Uliyesema "babu zetu walikula bila ya intaneti". Kaka, babu zetu walionyeshwa na mama zao, pahala pale pale, chini ya mti ule ule, mwaka hadi mwaka. Wanangu wako skuli mpaka alasiri na bibi yao macho hayaoni vizuri tena. Nani awaonyeshe, wewe?

NYONGEZA YA PILI: Aliyeniletea kiungo cha kikundi cha "wataalamu wa uyoga", nimeingia. Ujumbe uliobandikwa juu kabisa ni namba ya kulipia ada. Nimetoka.

Na wewe ndugu unayesema unaotesha wa mabua kule Unguja, usinije inboksi. Andika hapa hapa kila mtu asome: mbegu umezitoa wapi, mabua umeyaroweka muda gani, na matuta umeyaweka ndani au nje kivulini.