Ulinganisho: Yamaha FGX800C, Yamaha APX600 au Fender CD-60SCE?

Mwimbishaji_Tanga

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninatarajia kununua gitaa kavu lenye pikapu (kifaa cha ndani kinachonasa sauti ili ipitishwe kwenye spika) ndani ya wiki mbili zijazo, na baada ya kusoma na kuulizia madukani nimebakiwa na majina matatu: Yamaha FGX800C, Yamaha APX600 na Fender CD-60SCE. Fedha iliyopo ni shilingi 1,200,000 na haitaongezeka. Naomba maoni ya waliokaa na mojawapo kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu dukani kila gitaa ni zuri na kila muuzaji ana jibu. Ninyi mngechukua lipi?

FundiMbao

Karibu, ndugu. Umetuuliza swali zuri, lakini umeacha yale yote yanayoamua jibu. Gitaa litapigwa ukumbini, nyumbani au nje? Litachomekwa kwenye ampu yake au kwenye miksa pamoja na vyombo vingine? Mpigaji anatumia vidole au piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi? Tena, usiku litalala wapi? Kazi yangu ni kutengeneza magitaa ya watu, na mengi yanayofika mezani kwangu yameharibikia mahali yalipolala.

BintiPwani

Mimi nina APX600 kwa mwaka wa nne sasa, hapa Mombasa, na ninaimba nalo hotelini na harusini. Mwili wake ni mwembamba, unene wake ni kati ya milimita 80 na 90, kwa hiyo bega haliniumi hata nikisimama saa tatu. Urefu wa uzi unaopigwa ni milimita 634, wakati FGX800C ina milimita 650. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini mwenye vidole vifupi kama mimi anaitambua kila anapobana kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Betri zake ni mbili za AA, kama zile za rimoti, ambazo kibanda chochote kinauza hata saa nne usiku.

Upungufu wake nao niuseme wazi: bila umeme sauti yake ni ndogo. Sebuleni inatosha, lakini chini ya mwembe mbele ya watu hamsini haisikiki.

Nyuzi_za_Chuma

Kwa heshima zote kwa dada BintiPwani, hilo la mwisho kwangu ndilo la kwanza. Gitaa kavu linapaswa kuwa gitaa kabla halijachomekwa popote. Uso wa APX600, yaani ubao wa mbele, ni sprusi (aina ya mbao) ya tabaka zilizobandikwa, ilhali uso wa FGX800C ni sprusi halisi isiyo na tabaka, na mihimili yake ya ndani imechongwa ili uso utetemeke kwa uhuru zaidi. Yamaha walianza mfululizo wa FG mwaka 1966, na hili la 800 lilitoka mwaka 2016. Langu lina miaka mitatu, niko Arusha, na kila mwaka sauti yake inazidi kufunguka. Ukipiga kodi ya G nyuzi zote sita, unaisikia kifuani.

Mwimbishaji_Tanga

Asanteni, na naomba radhi kwa kuacha mambo muhimu. Gitaa ni la kwaya, si langu binafsi. Tuna waimbaji kama thelathini, tunaimba kanisani kupitia miksa na spika mbili kubwa, na mara mbili au tatu kwa mwezi tunaimba msibani au kwenye mikutano ya nje ambako umeme haupo. Wapigaji ni watatu: mimi ninatumia piki, vijana wawili wanatumia vidole, na mmoja wao ni binti wa miaka kumi na minne. Tuko Tanga mjini. Kuhusu kulala, litafungiwa stoo ya kanisa pamoja na ngoma na vitabu vya nyimbo. Stoo ina paa la bati na haina dari.

FundiMbao

Sentensi hiyo ya mwisho ingekuwa ya kwanza, ndugu yangu. Paa la bati bila dari, Tanga, mwezi wa Februari! Tafadhali msinunue chochote kabla hamjapata mahali pengine pa kulilaza.

MzeeWaGalatoni

Nimesoma habari ya stoo na nikaona nisipite kimya. Miaka sita iliyopita kwaya yetu ilinunua gitaa la bei ya namna hii hii. Kampuni sitaitaja, kwa sababu makosa yalikuwa yetu. Alhamisi tulifanya mazoezi, tukaliweka stoo waya ukiwa umechomekwa. Hakuna aliyejua kwamba tundu la waya ndilo swichi: ukichomeka, kikuza sauti cha ndani kinawaka na kuanza kula betri, hata kama mwisho wa pili wa waya uko sakafuni.

Jumamosi tukasafiri kwa kosta kwenda kwenye shindano. Gitaa likiwa ndani ya mfuko mwembamba wa kitambaa, mtu akaliweka juu ya keria ili mabegi yapate nafasi ndani. Tulitoka alfajiri, tukafika saa saba mchana. Nilipofungua zipu nilipokewa na harufu ya gundi iliyopata moto. Ukingo wa nyuma wa daraja (kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kwenye uso wa gitaa), ule upande wa mkia, ulikuwa umenyanyuka kiasi kwamba niliingiza kadi ya vocha chini yake na ikapita hadi nusu. Nyuzi zilikuwa juu kama za kinubi. Mwalimu akasema tutapiga hivyo hivyo, maana zamu yetu ilikuwa imefika.

Ubeti wa pili wa wimbo wa kwanza, taa nyekundu ikawaka kisha sauti ikakatika. Betri yake ilikuwa ile ya mraba ya volti 9. Kijana akakimbia na bodaboda, maduka manne yote yakawa na AA tu. Tukachukua maikrofoni ya sauti ya pili tukaielekeza kwenye tundu la gitaa, waimbaji wa sauti ya pili wakabaki wanaimba bila maikrofoni. Katika wimbo wa tatu daraja liling'oka lote. Lilitoa mlio kama ubao wa kitanda unaovunjika, na nyuzi zikaning'inia mbele yangu huku daraja likibembea. Mwalimu alishusha mikono taratibu. Mpaka leo nikikutana na wale vijana tunakumbuka ukimya ule.

Tuliporudi, mmoja wetu kwa nia njema kabisa alilibandika daraja kwa gundi ya papo hapo. Baada ya wiki liling'oka tena, safari hii likiwa limechukua nyuzinyuzi za mbao ya uso. Fundi alitutoza gharama iliyokaribia nusu ya bei ya gitaa.

FundiMbao

Mzee wangu, pole sana, na ninashukuru kwa kulieleza kwa ukamilifu, kwa kuwa ndiyo hali ninayoiona mezani. Niongeze sababu yake. Seti ya nyuzi za chuma za namba 12 (namba ya unene wa uzi mwembamba zaidi), zikivutwa hadi sauti ya kawaida, zinalivuta daraja kwa nguvu inayozidi kilo 70, usiku na mchana. Gundi ikiwa baridi inastahimili, ikipata joto la keria au la bati inalainika, na daraja linaanza kutambaa. Unyevu nao una kazi yake. Gitaa la mbao linapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na pwani yetu mara nyingi hupita 70. Uso usio na tabaka hunywa unyevu huo, unavimba katikati, nyuzi zinapanda, na binti wa miaka kumi na minne anaambiwa hana vidole vya gitaa, kumbe gitaa lenyewe limebadilika.

Kwa hiyo, kwa Tanga na kwa stoo ya pamoja, ningechukua uso wa tabaka, yaani APX600. Hautakuwa na sauti nzito, ila utabaki ulivyo.

Nyuzi_za_Chuma

Fundi, hapo sikubaliani nawe. Umeshasema tatizo ni stoo, kisha unachagua gitaa ili lifae kwa stoo mbaya. Dawa ni kuhamisha stoo. Gitaa likilala nyumbani kwa mmoja wao, ukutani mbali na dirisha, nyuzi zikalegezwa nusu toni, FGX800C itadumu. Na kumbukeni alivyosema mwenyewe kwamba wanaimba msibani bila umeme. Waimbaji thelathini kwa mwili wa milimita 80? Hawatalisikia hata walio mstari wa mbele.

BintiPwani

Kaka, hata lako lenye mwili mnene halitasikika mbele ya waimbaji thelathini. Pale kazi ya gitaa ni kuwapa waimbaji sauti ya kuanzia na kushika mapigo. Wanaolihitaji ni wale walio karibu na mpigaji. Mimi nimefanya hivyo na APX600 kwenye maziko, nikisimama katikati ya sauti ya kwanza na ya tatu, na hatukupotea.

Gita_Katanga

Salamu kutoka Lubumbashi. Mmesema sana juu ya mbao, hamjasema juu ya vidole. Huku kwetu mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na vidole viwili hivyo vilibeba besi na solo kwa pamoja. Upigaji huo unataka nafasi kati ya nyuzi. Shingo za magitaa hayo mnayoyataja zina upana wa kama milimita 43 pale juu, nami naona zinabana. Kwa nini kwaya isichukue gitaa la nyuzi za nailoni lenye pikapu? Shingo ina milimita 50 na zaidi, na vidole vya binti havitaumia.

FundiMbao

Ndugu wa Katanga, wazo lako lina uzito, ila wapigaji ni watatu na mmoja anatumia piki. Ninachoogopa zaidi ni siku uzi wa nailoni utakapokatika na duka la karibu likawa na nyuzi za chuma tu. Gitaa la nailoni limejengwa kubeba karibu nusu ya mvuto wa chuma. Nimeshaletewa magitaa mawili ya aina hiyo yaliyovikwa chuma, na yote uso ulikuwa umepinda.

Kwa wazee wetu haikuwa hivyo kwa sababu magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini, ambayo hata jina "galatoni" limetokana nayo, yalikuwa ya chuma tangu mwanzo.

SautiNaWaya

Mimi ni fundi mitambo wa ukumbini, na naona hakuna aliyegusa miksa. Yote matatu yana pikapu ya aina moja kimsingi: utepe ulio chini ya kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi kwenye daraja. Utepe huo unasikia mgandamizo, ndiyo maana sauti yake ikiingia kwenye miksa bila kurekebishwa inakuwa kavu na ya kugongagonga. Kwenye miksa punguza kidogo eneo la Hezi 1,000 hadi 2,000 (Hezi ni kipimo cha wembamba au uzito wa sauti) na itatulia. Mwili mnene nao una taabu yake mbele ya spika kubwa mbili, kwa sababu hewa iliyo ndani inapenda kunguruma kwenye Hezi 100 hadi 200. Kifuniko cha mpira cha tundu la gitaa huondoa sehemu kubwa ya mngurumo huo, nacho ni cha bei ndogo.

Jambo la pili: tengeni fedha ya kisanduku cha DI, kile kinachowezesha sauti ya gitaa kusafiri mbali hadi kwenye miksa bila kelele. Waya wa kawaida wa gitaa ukivutwa mita kumi na tano hadi kwenye miksa unabeba kelele zote za njiani. Kisanduku hicho kinaweza kuwa tofauti kubwa zaidi kuliko tofauti ya majina mnayobishania.

Upepo_wa_Dodoma

Nimeshangaa kwamba Fender haina wakili. Nina CD-60SCE kwa miaka miwili na nusu. Uso ni sprusi isiyo na tabaka, kikuza sauti ni cha kampuni ya Fishman, na kingo za ubao wa vidole zimeviringishwa kidogo, hivyo mkono unateleza bila kukwaruzwa. Urefu wa uzi ni milimita 643, katikati ya Yamaha hizo mbili. Mimi nina tatizo la kinyume na lenu: kuanzia Juni hewa ya hapa inakauka mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo ndani ya sanduku la gitaa ninaweka sifongo yenye unyevu katika kikopo cha sabuni nilichokitoboa matundu. Betri yake ni ya volti 9. Baada ya kumsoma mzee, leo nimenunua mbili za akiba.

Mwimbishaji_Tanga

Nimechukua maelezo yote haya nikayasoma mbele ya kamati jana jioni. Kuhusu stoo tumekubaliana: mama mmoja wa sauti ya kwanza mwenye nyumba yenye dari amejitolea kulilaza gitaa chumbani kwake. Kuhusu gitaa lenyewe kamati imegawanyika. Vijana wanataka APX600 kwa sababu ya binti, mwalimu anataka FGX800C kwa sababu ya misiba, na mweka hazina anauliza kama kisanduku cha DI kimo ndani ya ile milioni moja na laki mbili. Jumamosi mimi na binti tutakwenda Kariakoo, yeye apige yote matatu.

FundiMbao

Mpeleke, ni uamuzi mzuri. Nendeni na rula ndogo. Pima kutoka juu ya freti ya 12 (ule mstari wa chuma wa 12 kwenye shingo) hadi chini ya uzi mnene: milimita 2.5 hivi ni vizuri, ikizidi 3.5 mwombe muuzaji alete jingine la aina hiyo hiyo. Kisha weka ukingo wa karatasi nyuma ya daraja. Karatasi isiingie.

SautiNaWaya

Na waya wako mwenyewe uwe mkononi. Ukichomeka, mtu aukunje na kuuchezesha karibu na tundu huku binti akipiga. Likikwaruza dukani, kanisani litakwaruza zaidi.

BintiPwani

Swali moja kabla ya Jumamosi: kwa bei uliyotajiwa, gitaa linakuja na sanduku gumu, au ni ule mfuko wa kitambaa tu?