Tupeane uzoefu: Kushinda mferejini kwa boti nyembamba, Uingereza

Mkaa Leicester: Wakuu, habari za wikiendi. Mjomba wangu anakuja kiangazi kutoka Tanga, kapita sabini. Badala ya kumzungusha London kwenye foleni, nafikiria nikodi zile boti nyembamba za mferejini tushinde majini kutwa. Mliowahi kupanda, hasa mliopita kwenye loki (vile vyumba vya mageti vya kupandishia na kushushia boti), leteni habari. Atafurahi au atanisema?

Pwani Asilia: Mtu wa Tanga umpeleke kwenye mtaro? 😂

Binti Sahare: Usimsikilize huyo. Sisi tulikwenda na baba, na alikuwa baharia. Dakika kumi za mwanzo alinung'unika kwamba hata wenye mbwa wanatupita ukingoni, maana mwisho wa mwendo ni kama kilomita sita na nusu kwa saa, na ukipita boti zilizofungwa unapunguza tena. Tulipofika loki ya kwanza akanyamaza. Unaingiza boti kwenye chumba cha mawe, kuta zina ukoga na zinachuruzika. Geti la nyuma linafungwa. Mmoja wenu yuko juu na mkono wa chuma, anazungusha gurudumu la meno, kilango kilicho chini ya maji kinafunguka, maji yanaingia kwa kishindo na boti inaanza kupanda nayo. Geti ni mbao nzito zenye boriti ndefu iliyopakwa nyeupe nchani, unaegemeza makalio na kusukuma. Maji yasipolingana pande zote mbili halitikisiki hata mkiwa kumi. Yakilingana, linakwenda lenyewe taratibu. Baba alishuka kusukuma kila loki, akagoma kupokewa.

Kombo wa Milton Keynes: Dada kasema kweli. Naongeza la usalama. Boti ikiwa inashushwa kwenye loki, chini ya geti la juu kuna kizingiti cha mawe kinachojitokeza maji yakipungua. Ukutani pamechorwa mstari mweupe, tezi, yaani nyuma ya boti, isirudi nyuma ya mstari huo. Ikikalia kizingiti, omo, yaani mbele, inaendelea kushuka na boti inazama humo humo. Anayeshika usukani asishughulike na simu, basi.

Pwani Asilia: Sawa, nimesoma kimya kimya. Leseni je?

Kombo wa Milton Keynes: Kwa boti ya kukodi huhitaji. Wanakuelekeza kabla hujaondoka. Kana ya usukani ukiisukuma kushoto, omo inakwenda kulia. Mjomba wa Tanga hilo atawafundisha nyie.

Mama Ilham: Mimi si wa kusukuma mageti, miguu hainiruhusu. Tulikwenda Caen Hill, pale Devizes, tukatembea kando. Loki 29 zinapanda mita 72, na 16 kati yake zimepangana mlimani kama ngazi. Boti inachukua saa tano au sita kuzimaliza. Nilikaa na chai yangu nikiangalia watu wakitoka jasho kwa hiari yao. Nilifurahi kuliko wao.

Safari Haina Haraka: Mwenye moyo mgumu aende Pontcysyllte, Wales. Ni mfereji uliopitishwa juu ya daraja tangu 1805, mita 38 juu ya mto Dee. Upande mmoja pana njia ya miguu na vyuma vya kushikilia. Upande wa pili hapana kitu, unachungulia ukingo wa chuma halafu hewa tupu. Mke wangu aliingia ndani akafunga pazia.
Nikupe na jingine: ukipita chini ya madaraja ya zamani papasa kona zake. Pana michirizi iliyochimbika ndani kabisa, ni kamba za farasi waliokuwa wakivuta boti za makaa.

Mkaa Leicester: Aisee, ahsanteni. Choo na chakula?

Binti Sahare: Nyingi za kutwa zina choo na jiko dogo, ila uliza kabla. Pika pilau nyumbani, chai chemshieni humo. Na chukua makoti ya mvua hata jua likiwaka.

Pwani Asilia: Nafasi imebaki?