Kitochi kinashika mtandao, simu mpya inakatakata: naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Mama yuko kijijini, milimani huko Lushoto. Nilimnunulia simu janja ya 4G ili tuonane kwa video, lakini nikimpigia kawaida sauti inakatakata, mara hapatikani kabisa. Akihamishia laini ileile kwenye kitochi chake cha zamani, palepale jikoni, namsikia vizuri hadi kuni zinavyolia motoni!

Najua 2G (mtandao wa zamani unaotumiwa na kitochi) ya masafa ya mawimbi ya 900 MHz hufika mbali kuliko 4G ya masafa ya juu. Sasa nikimwekea 2G pekee, video ndiyo basi tena. Niwashe VoLTE (simu za sauti kupitia 4G) kwanza, au shida ni antena ya simu yenyewe? Presha inamsumbua, sitaki kumkosa usiku. Aliyewahi kupitia haya anisaidie.