Nimenyoosha sauti ya chumba kwa DSP (kirekebisha sauti cha kidijitali) ila mziki umekuwa mkali, nimekosea wapi?

fundi_mpya
Wakuu habari zenu, naombeni msaada hapa nimekwama. Nina spika mbili za kusimama chini, zipo mita moja toka ukutani, kochi limeegemea ukuta wa pili na kati ya kuta hizo mbili ni mita 4. Besi ilikuwa inavuma mno, noti moja ikipigwa chumba kizima kinaunguruma, noti inayofuata huisikii kabisa. Nikanunua maiki ya kupimia nikapima kwa REW (programu ya kompyuta ya kupima sauti ya chumba), nikakuta mlima wa desibeli kama 10 kwenye 43 Hz na shimo refu kwenye 86. Basi nikaiachia programu inyooshe kila kitu toka 20 mpaka 20,000 Hz. Grafu inaonesha mstari kama rula lakini sauti za waimbaji zimekuwa kali, nyimbo mbili tu masikio yamechoka, na nikiongeza volyumu amplifaya inakoroma. Na hizi spika nilizipenda kweli kabla sijazigusa. Shida ni maiki au?

Mpenda_Besi
Maiki haina shida mkuu, hizo namba zako zimeshasema kila kitu. Sauti inatembea mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa mara mbili ya hizo mita 4 unapata 43 Hz, ndo mlima wako huo, chumba ndo kinachoimba wala siyo spika. Na wewe umekaa ukutani, palepale besi inapojazana. Huo mlima DSP inauweza, ukate kwa filta nyembamba, yaani inayopunguza hapo kwenye 43 tu, na ule mvumo utapungua pamoja nao.

Shimo ni kesi nyingine kabisa. Sauti inayoenda nyuma inagonga ukuta na kurudi, imetembea mita 2 za ziada, na kwa 86 Hz mita 2 ni nusu ya wimbi, kwa hiyo inayorudi na inayotoka zinauana. Ukiongeza nguvu unaziongezea zote mbili, zinaendelea kuuana vilevile. Programu ilipandisha ngapi hapo?

fundi_mpya
Desibeli 9.

Mpenda_Besi
Ndo maana inakoroma. Kila desibeli 3 nguvu inazidishwa mara mbili, 9 ni mara nane, palipotosha wati 10 sasa inadaiwa 80 na shimo bado lipo. Ile grafu iliyonyooka ni makadirio ya programu tu, pima upya filta zikiwa zimewashwa ndo utaona ukweli. Futa hiyo filta, sogeza spika mpaka uso wake uwe kama sentimita 40 toka ukutani. Besi itaongezeka, sawa, lakini kilichozidi kinakatika, kilichokosekana hakitengenezeki.

dada_wa_midundo
Mpenda_Besi kamaliza upande wa chini, mi nizungumzie huo ukali. Juu ya 300 Hz hivi mimi siruhusu programu iguse kitu. Maiki inajumlisha sauti ya spika na zote zilizogonga dari, kuta na meza, wakati sikio linaipa uzito ile iliyofika kwanza. Spika nzuri ikiwekwa chumbani grafu yake huwa inateremka taratibu kuelekea juu, sasa wewe umeinyoosha, maana yake umemwaga trebo juu ya spika ambayo haikuwa na kosa lolote. Halafu wimbi la 10,000 Hz lina sentimita 3 na nusu tu, ukigeuza shingo umeshatoka pale ulipopima. Pima sehemu tano sita kuzunguka kichwa uchukue wastani.

fundi_mpya
Aisee asanteni sana. Nimesogeza spika, shimo la 86 limeondoka, limetokea jingine dogo karibu na 200 ambalo nikisikiliza silisikii. Nimekata desibeli 8 kwenye 43, kikomo nimeweka 300. Waimbaji wamerudi! Ila besi naiona kama nyepesi, na je mapazia mazito yatasaidia mvumo uliobaki?

dada_wa_midundo
Mapazia hapana, wimbi la 43 Hz lina mita 8, linapita kama hakuna kitu. Vuta kochi mbele hata nusu mita. Na huo wepesi ni kwamba ulizoea mvumo, punguza ule mkato uwe 6 kisha sikiliza wiki nzima bila kugusa.