Vipimo vya wodini: mashine iandike yenyewe?

Swali: mashine za kando ya kitanda sasa zaweza kutuma oksijeni, mapigo na presha moja kwa moja kwenye kompyuta. Je, hospitali za Mombasa ziwaondolee manesi kazi ya kupima na kuandika kwa mkono?

Nesi wa wodi, Likoni: Naunga mkono. Namba hukosewa zinaponakiliwa usiku. Oksijeni ya asilimia 89 huandikwa 98, na mgonjwa aliyehitaji oksijeni hulala bila. Mashine haigeuzi tarakimu.

Fundi wa mashine za hospitali, Changamwe: Haigeuzi, sista, lakini hudanganyika. Oksimita ya kidole, kile kibanio cha kupima oksijeni, hupitisha mianga miwili, mwekundu wa nanomita 660 hivi na infraredi ya 940, kisha hulinganisha kiasi kinachofyonzwa na damu inayopiga. Kidole kikiwa baridi kwa mshtuko wa mwili, presha ikiwa imeshuka, damu haifiki vizuri. Piko nyeusi, ambayo bi harusi wa hapa kwetu haikosi, huzuia mwanga. Hina nyekundu haisumbui sana. Tafuta kidole kisichopakwa, au tumia kihisi cha sikio. Kisha shika mkono uhesabu mapigo: yakitofautiana na ya kwenye skrini, usiiamini namba ya oksijeni.

Mkunga, Kisauni: Ongeza rangi ya ngozi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulitazama wagonjwa ambao oksimita iliwasoma oksijeni ya asilimia 92 hadi 96. Damu iliyotolewa kwenye mshipa wa ateri na kupimwa ilionyesha wako chini ya 88 kwa karibu 12 katika kila weusi 100. Kwa weupe, karibu 4. Na mzazi aliyetokwa na damu nyingi aweza kusomeka 99, maana oksimita haipimi wingi wa damu. Aliyevuta moshi wa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa naye vilevile: kaboni monoksidi husomeka kama oksijeni.

Nesi wa Likoni: Hayo nayakubali, bi mkunga. Lakini tuseme kweli: pumzi ndizo huandikwa kwa kukisia, 18 au 20 kila kitanda. Mashine itume hayo mengine, nesi apate dakika nzima ya kutazama kifua. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 kwa dakika akiwa ametulia, hiyo ni hatari.

Fundi: Basi kompyuta isipokee namba yoyote kabla pumzi hazijaingizwa.

Mkunga: Hapo nakupinga, ndugu yangu. Ukimfungia nesi mlango, ataandika 20 ili ufunguke.