Naomba ushauri: nitayapataje manukato yatakayokuwa yangu hasa?

Ndugu zangu, kwa miaka mingi nimejipaka manukato niliyopewa zawadi, na sasa natamani kuyapata yale ambayo mtu akiyanusa atajua kuwa ni mimi niliyepita. Nimejifunza kwamba harufu hufunguka kwa hatua: ile ya mwanzo, mara nyingi ya jamii ya malimau, hutoweka baada ya dakika chache, ya kati huwa aghalabu ya maua kama waridi na asmini, kisha hufuata ya msingi, yaani msandali, vanila, miski au udi, ambayo hukaa ngozini kwa saa nyingi. Shalimar, manukato ya kampuni ya Kifaransa ya Guerlain ya mwaka 1925, ndiyo yaliyonifunza jambo hili, kwani huanza na bergamoti changamfu, tunda la jamii ya malimau, na kuishia kwenye vanila nzito.

Kinachonitatiza ni hiyo harufu ya msingi. Juzi nilijipulizia kifundoni mwa mkono manukato mengine yaliyonivutia sana kwenye karatasi, lakini baada ya saa mbili yalibaki na utamu mkavu ulionichosha, hata nikaenda kunawa.

Je, ninunue mafuta halisi ya msandali, vetiva (mizizi ya nyasi yenye harufu) na pachuli (majani yenye harufu ya udongo) niyanuse moja moja hadi pua iyazoee, au nijaribu manukato kamili, aina moja kwa siku? Na mnatumia maneno gani kueleza mnachokinusa? Mimi huishia kusema tu "yananukia vizuri", na muuzaji hawezi kunisaidia kwa hilo.